Mguu wa Mjomba

Leeds, Uingereza

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Huku tu wazima, alhamdulillahi. Picha za mguu wa mjomba nimezipata, na kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea, niwie radhi nikisema bila kuzunguka. Kidonda kilichoota juu ya kovu la moto la tangu utotoni, kingo nene zilizobinuka, nyama zinazochomoza katikati na harufu ile, kihesabiwe saratani ya ngozi hadi maabara ikatae. Madaktari hukiita kidonda cha Marjolin, Mfaransa aliyekieleza mwaka 1828. Watu hukiuguza kama kidonda ndugu, bandeji baada ya bandeji, hadi kinapita kiganja.

Anzeni hospitali ya Bombo, Tanga, waombeni wakate vinyama vya kupima. Hapa ndipo mambo huharibikia. Katikati ya kidonda pana usaha na nyama iliyokufa. Kipande kikitoka hapo, majibu hurudi kuwa ni maambukizi tu. Kikatwe ukingoni, kwa kina, sehemu tatu au nne tofauti. Vipande viingizwe papo hapo kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake usiopungua mara kumi ya kipande. Vikitiwa maji, vitaoza kabla ya kusomwa. Majibu yakisema hakuna saratani na kidonda bado kinakua, vikatwe tena.

Apigwe eksirei ya mfupa, apimwe damu, sukari na VVU. Kidonda kikubwa huvuja kila siku, kwa hiyo wagonjwa wengi hufika wakiwa na upungufu wa damu. Vijana wajiandae kumtolea. Mitoki ya kinena nayo ipimwe kwa sindano, maana huvimba kwa uchafu wa kidonda au kwa saratani iliyosambaa, na kwa kupapasa tu huwezi kutofautisha.

Upasuaji wenyewe si kukwangua. Hukatwa kidonda pamoja na ngozi isiyo na ugonjwa ya pembeni, mara nyingi sentimita 2 kuzunguka, na kwenda chini hadi utando unaofunika misuli. Linabaki shimo ambalo haliwezi kushonwa, na ukubwa ndio unaoleta taabu hii. Huzibwa kwa ngozi ya paja, lakini ni busara kusubiri maabara ithibitishe kingo ni safi, la sivyo saratani inaota chini ya kiraka bila kuonekana. Na kiraka hakishiki kwenye mfupa mtupu, kwa sababu hakuna damu ya kukilisha. Hapo inahitajika nyama yenye mishipa yake, kazi ya wapasuaji wachache. Hospitali ya KCMC, Moshi, wana kituo cha magonjwa ya ngozi, muulizeni daktari kuhusu rufaa ya huko.

Mfupa ukiwa umeliwa, watataja kukata mguu. Najua mjomba atagoma. Mwambieni asikatae kabla ya kuona picha ya mfupa, kwani kuchelewa huko ndiko kunakofanya mguu ambao ungekatwa chini ya goti ukatwe pajani.

Mionzi, kama ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, huchukua takriban wiki sita, siku tano kwa wiki, basi hesabuni malazi ya Dar. Kwenye kovu lenye damu haba haifanyi vizuri sana ikiwa peke yake. Kuna pia dawa ya dripu, cemiplimab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, miligramu 350 kila wiki tatu. Bei yake ni ya kutisha. Msiuze shamba kwa ajili yake kabla ya wapasuaji kusema neno.

Kwa sasa, lowesheni bandeji kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, ndipo mbandue. Ikibanduliwa kavu inatoa damu. Kwa harufu, muulizeni muuguzi kuhusu kusaga vidonge vya Flagyl na kunyunyiza juu ya kidonda. Majivu na dawa za unga za mitaani, hapana. Damu ikitoka, mguu juu, kandamizeni kwa kitambaa safi dakika 15 bila kuchungulia. Isipokoma, hospitali usiku huohuo.

Nauli nimemtumia Juma. Majibu yakitoka, yapige picha kurasa zote, hata zile za maandishi madogo, unitumie.

Wasalaam,
mdogo wako