Kwa Nini Bakuli Lako Lilirudi Bila Uso

Hivi karibuni mteja alitulalamikia, sisi mafundi wa kukarabati vyombo vya kale, kwamba alituletea bakuli la Kiajemi lenye mfalme aliyeketi katikati ya watumishi wake, nasi tukamrudishia mfalme asiye na uso, pamoja na ankara. Kwa kuwa si wa kwanza kulalamika hivyo, tunaona ni haki tueleze.

Bakuli hilo ni la aina ya minai, iliyofinyangwa Kashan, nchini Iran, mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Chombo kilipakwa tabaka la kioo na kuchomwa, ndipo mchoraji akachora nyuso juu ya kioo hicho kwa mistari myembamba, kisha kikarudishwa tanuruni kwa moto mdogo zaidi. Kwa sababu hiyo macho na nyusi huchubuka upesi. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanunuzi wa Ulaya na Marekani walipoyatafuta mabakuli haya kwa bei kubwa, mafundi wengi waliunganisha vipande vya vyombo tofauti, wakaziba mapengo kwa plasta na kuchora nyuso mpya juu yake. Taa ya urujuanimno ilituonyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa bakuli la mteja wetu. Tulimpigia simu, akakubali tusafishe, na uso wote ukatoka kwenye pamba yenye asetoni.

Hatukumchorea uso mwingine, wala hatutamchorea. Nyuso za Kashan zote ni za mviringo kama mwezi, zina macho membamba na kinywa kidogo, na hata mtumishi huzungushiwa duara la nuru kichwani. Zilionyesha uzuri uliopendwa wakati ule, si sura ya mtu fulani, na ndiyo maana ni rahisi mno kuzighushi.

Vigae vya ukutani vya enzi ya Wakajari, ukoo wa kifalme wa Iran, ni habari nyingine, kwa maana mfalme wao Naser al-Din Shah, aliyetawala kuanzia 1848 hadi 1896, hutambulika mara moja kwa masharubu yake. Mteja mwingine alikiunganisha kigae chake chenye sura hiyo nyumbani kwa supaglu, na pua ikakaa kando ya mahali pake. Kuifungua gundi ile bila kung'oa kioo kulichukua muda mrefu kuliko kuunganisha kwenyewe, naye akalipa kazi zote mbili. Sisi hutumia gundi iitwayo Paraloid B-72, ambayo fundi wa baadaye anaweza kuiyeyusha kwa asetoni bila kukidhuru chombo, na bei yetu ni ya saa tunazokaa juu ya kipande kimoja, si ya gundi.

Chombo kikivunjika, usikioshe wala usijaribu kukiunganisha. Funga kila kipande peke yake kwa karatasi laini, kusanya hata chembe zilizobaki sakafuni, na utuletee vyote.