Baiskeli ya Marehemu Baba

Kandy, Sri Lanka
Juni, usiku wa mwezi mpevu

Shoga yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia juzi, nikaisoma palepale mlangoni, mwavuli ungali mkononi unachuruzika, maana mvua za huku zikianza hazina adabu. Habari za nyumbani nimezipokea zote, tamu na chungu. Ile ya kaka nitaifikia, usinihimize.

Umeniuliza swali ukalichomeka mwishoni kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu: hao Wabuddha ninaokaa nao wanasema mtu hana roho ya kudumu, na papo hapo wanasema mtu akifa huzaliwa tena. Basi anayezaliwa ni nani? Nimecheka peke yangu. Swali hilohilo limeninyima usingizi tangu Machi. Na kabla hujamkimbilia mama kumwambia, sijaritadi. Swala zangu zipo, na msikiti hauko mbali. Lakini ukikaa nyumbani kwa watu mwaka mzima, ukala chao, ukazika nao, huwezi kuendelea kujifanya husikii wanachosema.

Leo ni Poya. Kila mwezi ukipevuka nchi nzima hupumzika, pombe haiuzwi, nyama haiuzwi, watu huvaa nyeupe wakaenda hekaluni. Poya ya Juni wanaiita Poson, wakikumbuka mtawa Mahinda alivyowaletea dini yao kisiwani katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Nami sina vipimo vya kuchukua shambani, chai yangu inapumzika na wenyewe, kwa hiyo nimekaa kibarazani nikuandikie kwa nafasi.

Nianze na msiba. Mzee wa nyumba hii alifariki Machi. Mama mwenye nyumba hakupiga ukelele. Bendera nyeupe zilitundikwa njiani, watu wakaja na nguo nyeupe, watawa wakaja na mashuka yao ya manjano iliyoiva. Watawa walipewa kitambaa cheupe, kisha wakasoma kwa Kipali, lugha ya vitabu vyao vya dini, maneno ambayo binti wa nyumba alinifasiria baadaye: kila kilichoundika hakidumu, huzuka kikatoweka, na kutulia kwake ndiyo raha. Halafu likaja jambo ambalo sitalisahau. Wafiwa walikaa chini wakashika birika moja, mikono juu ya mikono, wakamimina maji polepole katika bakuli lililowekwa juu ya sahani. Bakuli likajaa, maji yakafurika, nao wakaendelea kumimina huku watawa wakisoma. Maana yake ni kwamba kama mito inavyojaza bahari, ndivyo heri inayotendwa hapa inavyomfikia aliyetangulia.

Siku ya sita jioni mtawa alikuja kutoa mawaidha, siku ya saba wakalishwa watawa. Baada ya miezi mitatu wanalishwa tena, na mwaka ukitimia tena. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, na mbuzi yao ni ndugu wa ile yetu kabisa, nikawa nahesabu moyoni: sisi tuna hitima yetu na arobaini yetu. Nikajiuliza, kama hakuna roho, hii sahani ya wali inapelekwa kwa nani?

Jioni ile ya mawaidha nikamuuliza mtawa, binti akiwa mkalimani. Mtawa mwenyewe kijana, nadhani mdogo wangu. Hakushtuka. Alinisimulia habari za mfalme Milinda, ambaye Wagiriki walimwita Menander. Alikuwa Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India katika karne ya 2 kabla ya Kristo, na sarafu zake zipo mpaka leo, zimeandikwa Kigiriki upande mmoja na lugha ya wenyeji upande wa pili. Mfalme huyu alipenda mabishano. Siku moja akakutana na mtawa Nagasena, akamuuliza jina. Mtawa akasema, watu huniita Nagasena, lakini hilo ni jina tu, hakuna mtu wa kushikika nyuma yake. Mfalme akaona amempata. Nagasena naye akamuuliza: umekuja kwa miguu au kwa gari? Kwa gari la farasi. Haya, nionyeshe gari. Gurudumu ndilo gari? Hapana. Mhimili? Hapana. Nira? Hapana. Vyote vikiwa rundo moja? Hapana. Kuna gari jingine nje ya hivyo? Hapana. Mfalme akakiri kwamba "gari" ni jina tunalolitumia vile vitu vinapokaa pamoja kwa namna fulani. Ndivyo na mimi, akasema Nagasena.

Binti alikuwa bado anatafsiri, mimi nimeshaondoka. Nilikuwa uani kwetu Muheza naitazama Phoenix ya baba.

Unaikumbuka. Baba aliinunua kabla sijazaliwa. Tairi na tyubu sitaji, hizo zilikwenda na kurudi. Mnyororo ulikatika nikiwa darasa la pili. Rimu ya nyuma ilipinda siku aliyobeba magunia mawili ya machungwa. Siti, pedeli, madigadi, karia, vyote vilibadilishwa. Fremu ilipasuka ikachomelewa, ikapasuka tena, akanunua nyingine kuukuu pale sokoni. Mwisho usukani. Alipofariki hapakuwa na kipande hata kimoja cha ile aliyoinunua, na bado mimi na kaka tulisimama mbele ya wazee tukigombania "baiskeli ya baba" kama watu wawili wanaovuta kanga moja. Najua, na wewe unajua, haikuwa baiskeli. Yalikuwa mambo ya nyumba, na nani alimuuguza, na nani alichelewa kuja. Lakini tulitia yote juu ya karia ya ile baiskeli, nayo ikabeba. Miaka mitatu hatujasemezana.

Basi mtawa akaendelea. Mtu naye amefungwa kwa mafungu matano, kama mzigo wa kuni: mwili; hisia, yaani tamu, chungu na isiyo tamu wala chungu; utambuzi, unaosema hiki ni embe, hiki ni nyoka; mielekeo ya nia, yaani mazoea na matakwa yanayotusukuma; na fahamu. Tafuta humo mwenye mali, anayesema "mimi" bila kubadilika, hutamkuta. Kipo kinachotembea, kinachokula, kinacholia. Mmiliki ndiye hayupo.

Nikamrudisha kwenye swali lako. Nani huzaliwa? Akanipa taa. Taa ikiwashwa jioni ikawaka mpaka alfajiri, mwali wa saa mbili usiku ndio mwali wa saa kumi? Si uleule, maana mafuta yale yameshateketea. Si mwingine, maana umetokana na ule. Mtu anayekufa na mtoto anayezaliwa, wanasema, si yuleyule wala si mwingine. Hakuna kitu kilichovuka kutoka nyumba hii kwenda ile. Moto umewasha moto.

Mimi ni mtoto wa mahakamani, baba alikuwa karani, kwa hiyo nikadandia: kama si yuleyule, basi mwovu amepona! Akacheka, akasema mfalme naye aliuliza hivyohivyo. Nagasena akamjibu kwa embe. Mtu kaiba maembe shambani kwa mwenzake, anapelekwa mbele ya hakimu anajitetea: maembe niliyochuma si yale aliyoyafukia ardhini huyu bwana. Ni kweli, si yale. Atafungwa au hatafungwa? Hapo, Mwanahawa, hata kwetu Muheza hakuna asiyejua jibu.

Kuna kisa kingine nimekipenda zaidi kwa sababu ni cha watu wa pwani. Enzi za Buddha mwenyewe, mwanzilishi wa dini yao, alikuwapo mtawa aitwaye Sati, mwana wa mvuvi. Alikuwa akieleza watu kwamba fahamu hii hii, bila kugeuka, ndiyo inayosafiri kutoka maisha haya kwenda mengine. Yaani alisema kile ambacho wewe na mimi tungedhani Wabuddha wote wanasema. Buddha akamwita, akamkemea mbele ya wenzake. Fahamu, akamwambia, ni kama moto: ukila kuni unaitwa moto wa kuni, ukila majani ni moto wa majani, ukila kinyesi cha ng'ombe ni moto wa kinyesi. Hakuna moto mtupu unaokaa pembeni ukisubiri kuni. Fahamu ya jicho huzuka jicho likikutana na umbo, ya sikio likikutana na sauti, na ya moyo likija wazo.

Na akili wameifananisha na kima. Anashika tawi, analiachia, anashika jingine. Wahenga wetu walisema moyo wa mtu msitu. Hawa wameingia msituni wakamkuta kima. Wanasema hata ni afadhali mjinga aliyeudhania mwili kuwa ndiye yeye, maana mwili angalau hukaa miaka ishirini, hamsini, hata mia, kuliko aliyeidhania akili, ambayo usiku na mchana inazuka hivi na kutoweka vile.

Sasa neno lao kubwa, dukkha. Mara ya kwanza nilidhani binti ananiambia habari za duka. Wengi hulitafsiri mateso, nami nililichukua hivyo, nikawaona watu wa huzuni sana. Lakini mateso ni neno zito mno, limebeba damu. Dukkha ni jino linalouma, ndiyo, lakini pia ni ile raha ya Idi unayoijua inakwisha ungali unaila, na pia ni kule kutokutulia kwa kila kitu kilichoshikiliwa na vingine ili kisimame. Nimejaribu dhiki, nimejaribu karaha, nimejaribu adha. Siku nikiona viatu vinabana kidogo tu, si kiasi cha kuvua, nadhani hapo ndipo penyewe. Na chanzo chake wanakiita kiu. Kiu ya kupata, kiu ya kuendelea kuwa, kiu ya kitu kisiwepo. Buddha, wanasema, alifikiri juu ya jambo hili chini ya mti huko Bodh Gaya, India, akalitangaza kwa wenzake watano karibu na Varanasi: dhiki ipo, ina chanzo, inaweza kukoma, na iko njia.

Mfano wao wa mishale miwili ndio ulionipata. Mtu kachomwa mshale, anaumia mwili. Hapo hata mtu mwenye hekima anaumia. Asiye na hekima anajichoma na wa pili, akaanza kulia, kulalamika na kujipiga kifua. Kufa kwa baba ni mshale wa kwanza. Ule wa pili, shoga, nimeuchonga mwenyewe, nikaunoa kila usiku kwa miaka mitatu. Nina hotuba nzima niliyomwandalia kaka. Najua pa kupandisha sauti.

Usidhani nakubali kila kitu. Mimi naamini Akhera na Siku ya Hesabu, na hapo njia zetu zinaachana, hatukugombana. Lipo pia lililonikera. Jirani mmoja alimwona mtoto mlemavu akasema, hayo ni matendo yake ya maisha yaliyopita. Nilitamani kumtupia kikombe. Nilipompelekea mtawa malalamiko yangu, akasema watu hupenda kuufanya msemo huo fimbo, ilhali Buddha mwenyewe alikataa kwamba kila linalompata mtu linatokana na matendo ya zamani: kuna nyongo, kuna makohozi, kuna upepo wa mwili, kuna mabadiliko ya majira, kuna kupigwa na mtu. Nikatulia. Jirani, hata hivyo, sijamsamehe sawasawa.

Wiki mbili zilizopita miezi mitatu ya mzee ilitimia. Watawa walikula, birika likaletwa. Mama mwenye nyumba akanitazama, akanisogezea nafasi. Nilisita. Nikawaza utasema nini wewe, atasema nini imamu. Kisha nikaweka vidole viwili kwenye kiwiko cha binti, si kwenye birika, na wao walipokuwa wakisoma yao nikamsomea baba Alfatiha kimoyomoyo. Bakuli likajaa, likafurika, sahani nayo ikajaa, maji yakafika kwenye mkeka yakanilowesha goti. Nilitafuta ile hotuba ya kaka, nikakuta nimeisahau mwanzo wake. Usiku ilirudi, lakini imepungua maneno.

Umeniandikia kwamba Omari, mwana wa kaka, ndiye anayeipanda sasa ile baiskeli kwenda shule, kwamba kaka ameipaka rangi nyekundu na kuitia usukani mpya, na mtoto akiulizwa anajibu "ya babu". Ulidhani nitakasirika. Mpelekee salamu zangu, tena useme wazi ni zangu. Mwambie breki za mbele zile hazikuwahi kushika vizuri, aziangalie kabla mtoto hajateremka kile kilima cha shule. Na kama ana nafasi anipigie picha Omari akiwa juu yake, nataka kuona kama miguu inafika chini.

Ukienda Dar kwa wifi yako, pita lile hekalu la Wabuddha lililoasisiwa na Wasinhala, watu wa kisiwa hiki, waliokuja kufanya kazi enzi za ukoloni. Hukuwahi kuniambia kama umeliona.

Mvua imekatika, mwezi umetoka, na nguo zangu bado ziko kambani.

Wasalaam,
Zuhura