Kwenu wanafunzi mnaoogopa kunyoosha mkono

Marahaba, wanangu. Salamu zenu zimenifika, na maneno ya yule aliyesema anaogopa kumuuliza mwalimu asije akaonekana mjuaji yamenikaa moyoni. Nawajibu wazi ili msome nyote.

Sikieni kwanza habari za watu wa kale waliothubutu kuwahoji walimu wao. Mileto ulikuwa mji wa bandari wa Wagiriki, kwenye pwani ambayo leo ni ya Uturuki. Huko, katika karne ya 6 kabla ya Kristo, mwanafalsafa Thales alifundisha kwamba asili ya kila kitu ni maji, na kwamba dunia inaelea juu ya maji. Anaximander, mwanafunzi wake kwa masimulizi ya kale, hakuyameza hayo. Alisema dunia haikushikiliwa na kitu chochote. Kisha akaja Anaximenes, naye akasema la, asili ni hewa: ikibanwa huwa wingu, maji, udongo, mwishowe jiwe.

Hebu inua kiganja. Achama, toa pumzi taratibu: unasikia joto. Sasa bana midomo upulize: baridi. Ndivyo tunavyopoza uji, na kwa kinywa hichohicho tunapasha vidole asubuhi ya kipupwe. Anaximenes alitoa ushahidi huohuo, kwamba hewa ikibanwa hupoa na ikilegea hupata joto. Sababu aliikosea. Lakini hakusema "niaminini". Alileta hoja ambayo hata mtoto jikoni angeweza kuipima, na kwa hilo nampenda kuliko wenzake wote.

Xenophanes, mwanafalsafa wa Kolofoni, mji mwingine wa Wagiriki, naye aliona maganda ya kombe milimani, mbali na bahari, akatambua kwamba pale paliwahi kuwa na maji. Ndiye aliyeandika kwamba miungu haikuwafunulia wanadamu yote tangu mwanzo, bali kwa kutafuta hupata lililo bora.

Kwa hiyo ulizeni. Simama, mwite mwalimu kwa heshima yake, kisha uliza: "Tumejuaje?" Akikasirika, vumilia, ukalitafute jibu mwenyewe.

Nayasema haya na deni shingoni. Miaka mingi iliyopita kijana mmoja darasani kwangu aliniuliza kwa nini mwezi hautuangukii. Sikuwa na jibu, nikamwambia akae chini asitupotezee muda. Alikaa, na hadi mwaka ulipokwisha hakunyoosha mkono tena. Mwanangu, kama unasoma hapa, nisamehe. Njoo nyumbani tulizungumze swali lako.