Paswedi ya hospitali imeandikwa ukutani

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni. Juzi nimempeleka mama kliniki ya presha hospitali moja hapa Mtwara, jina naliacha, tumetoka Mikindani alfajiri tuwahi foleni, tunafika dirishani dada anasema mtandao unasumbua, kontrol namba haitoki, subirini. Saa mbili na ushee tumekaa tu. Pembeni yangu kijana anaangalia marudio ya mechi ya Yanga, haikwami hata kidogo, namuuliza bando gani hilo mdogo wangu, anacheka ananionyesha nyuma ya mlango: paswedi ya waifai imeandikwa kwa maka peni!

Mi kazi yangu ni kufunga mitandao maofisini kwa hiyo nikashtuka. Maana yake kompyuta ya malipo, simu za manesi na sisi wa kwenye benchi wote tuko chungu kimoja. Na sio spidi tu inayoliwa. Mei 2017 kirusi WannaCry kilizikumba hospitali nyingi za Uingereza, kilikuwa kinaruka chenyewe kompyuta hadi kompyuta ndani ya mtandao, wagonjwa wakarudishwa nyumbani, na Microsoft walishatoa dawa yake tangu Machi ila kompyuta nyingi hazikuwekewa. Sasa hapa kwetu mtu yeyote anaingia na laptopu yake ya movi.

Sisemi simu zipigwe marufuku jamani. Daktari anatumia simu yake mwenyewe kumtumia mwenzake picha ya eksirei, ukimkatalia waifai atatuma kwa bando lake tu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Watenganishe tu. Vifaa vingi vya waifai vya maofisini vinaweza kutoa majina mawili matatu ya mtandao kwa wakati mmoja, kila jina na njia yake, kwa hiyo wageni wawe na lao lenye spidi ya kupimiwa na lisiloona kompyuta za ndani, wafanyakazi lao, mashine za hospitali lao. Na kila mfanyakazi apewe paswedi yake, leo akihamishiwa Liwale anafutwa yeye peke yake, sio anahama nayo.

Kuna wanaoruhusu simu kuingia kwenye waifai kwa kusajili ile namba yake ya kiwandani (MAC), wajue simu za kuanzia Android 10 na iOS 14 zinaonyesha mtandao namba ya kubuni, mpaka mwenyewe aizime hiyo setingi. Nimeona fundi akihangaika siku nzima kwa hilo.

Mama alihudumiwa saa nane mchana. Na nikiri tu, wakati tunasubiri na mimi niliiingiza ile paswedi, mpaka leo nikipita getini pale simu inajiunga yenyewe.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara