Kodi ya jengo: Masaki na Manzese bei moja

Mhariri,

Ukiibuka mjadala wa kuwatoza matajiri zaidi, macho yote hukimbilia kwenye mishahara. Huko tumeshakamua. Anayelipwa Sh2,000,000 kwa mwezi hukatwa kodi ya mshahara (PAYE) ya Sh428,000, kabla ya kuhesabu nafuu ya michango ya hifadhi ya jamii. Utajiri mkubwa umekaa kwenye viwanja na majengo, na nyumba, tofauti na fedha, haipandi ndege kwenda Dubai.

Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani mtu anaponunua umeme wa malipo ya kabla. Nyumba ya kawaida ilianza na Sh1,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 ikawa Sh1,500, yaani Sh18,000 kwa mwaka. Majengo ya ghorofa mjini ni Sh7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Thamani haiulizwi. Hivyo jumba lisilo na ghorofa la Masaki, mtaa wa kitajiri, lenye bwawa la kuogelea, linalipa sawa na nyumba ya vyumba vitatu Manzese, huku jengo jembamba la sakafu nne likidaiwa Sh360,000 kwa mwaka.

Tena anayeumia mara nyingi ni mpangaji. Sheria inamdai mwenye nyumba, lakini mita humkata anayenunua umeme. Na nyumba moja ikiwa na mita mbili, kodi hukatwa mara mbili mpaka mtu aende kulalamika.

LUKU ibaki kwa nyumba za kawaida. Ni rahisi na inakusanya. Kwa majengo makubwa, namba ya mita iunganishwe na namba ya kiwanja. Kodi ya pango la ardhi tayari hupangwa kwa ukubwa, matumizi na eneo, na hudaiwa kwa mmiliki, kwa hiyo daftari la kuanzia lipo. Thamani ikadiriwe kwa mita za mraba za jengo mara bei ya eneo. Mthamini aende tu pale makadirio yanapozidi Sh500 milioni, maana kukagua kila nyumba kutakula kodi yenyewe.

Napendekeza hivi: hadi Sh100 milioni, Sh18,000 ileile. Kinachozidi hapo hadi Sh500 milioni, asilimia 0.1. Zaidi ya hapo, asilimia 0.2. Jengo la Sh2 bilioni litalipa Sh3,418,000 kwa mwaka. Bei za maeneo zipitiwe kila miaka mitano, la sivyo daftari litazeeka na tutarudi kwenye viwango vya mkupuo. Asiyekubali makadirio apewe siku 60 kuleta ripoti ya mthamini wake.

Mtu atauliza: vipi mjane aliyeachiwa nyumba Oysterbay, mtaa mwingine wa kitajiri, na hana kipato? Akiwa na miaka 60 au zaidi na anaishi humo, msamaha wa kodi hii upo tayari. Akiwa chini ya hapo, kodi iandikwe kama deni kwenye hati, ilipwe siku nyumba inapouzwa.

Mthamini wa majengo,
Dar es Salaam