Mrefu anaenda Kolwezi, santuri je?

Lubumbashi, Katuba

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, mama anakusalimia, umeme ni wa kubahatisha vilevile.

Mrefu anaondoka. Amepata kazi mgodini Kolwezi, na sijui nani mwingine katika mji huu atakubali kupiga ngoma kasi ile bila malipo. Wenzetu wanasema kundi letu la muziki life salama, pesa ya sanduku tugawane. Nimekataa katakata: nataka tutoe santuri. Nikawasimulia Teen Idles, kundi la punk la wale vijana wa Washington: walivunjika 1980 wakiwa na akiba ya kama dola 600, na badala ya kugawana wakatoa santuri ya nyimbo nane. Majalada waliyakata, wakayakunja na kuyagundisha kwa mikono yao. Ndiyo santuri ya kwanza ya Dischord, lebo yao ya muziki, na kundi lilikuwa limeshakufa!

Shemeji akauliza, Katuba nani ana mashine ya santuri? Swali la haki. Lakini Mwenda wa Bayeke naye, yule mpiga gitaa wetu, kama Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, asingemrekodi Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, leo tungemsikia wapi? Akanyamaza, ila pesa hajatoa.

Rekodi tunayo, ile ya chumba cha nyuma. Jenereta inasikika kwenye wimbo wa tatu na sitaki mtu aifute. Ugomvi ni mpangilio. Santuri ya inchi saba kwa mizunguko 45 kwa dakika, ukitaka sauti nzito, upande mmoja ni dakika tano hivi. Na sindano ikikaribia katikati, matoazi huanza kukwaruza. Kwa hiyo nyimbo za matoazi mengi zitangulie. Mrefu anataka wake ufunge upande. Wimbo wake ni matoazi matupu! Baba aliusikia akauliza: umeisha au umeme umekatika?

Najua ataondoka tu, hata tukigombana hivi. Ndiyo maana nakusumbua wewe uliye Bulaya, maana huku kiwanda cha santuri...

Hebu niambie: viwanda vya huko vinapokea oda ndogo, au mpaka mamia? Wanataka malipo yote kabla? Zikitoka, utaweza kuzipokea kwako? Nani anakuja huku karibuni mwenye nafasi kwenye sanduku? Na majalada, nikikutumia michoro, utayakunja wewe? Mke wako atakubali meza ya chakula ijae gundi?

Ni mimi, wa besi