Kimbunga cha Msumbiji ni habari ya mahindi yetu Moshi

Barua ya wazi kwa Afisa Kilimo wa Wilaya

Ndugu Afisa,

Machi 2019 nilipanda mahindi kwenye shamba langu la tambarare. Mvua mbili zilinyesha, udongo ukalowa, tukaamini masika yameingia. Mahindi yakaota, kisha jua likawaka hadi yakanyauka. Mbegu za mara ya pili nilizinunua kwa pesa ya ada ya mtoto. Siku zile zile redio ilikuwa ikitangaza Idai, kimbunga kilichoipiga Beira usiku wa Machi 14. Niliwaonea huruma watu wa Msumbiji, nikaendelea na palizi. Hakuna aliyetuambia kwamba habari ile ilihusu pia mvua yetu.

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye nyuzijoto 26 au 27 na kuzidi, tena joto liwe limeshuka makumi ya mita chini ya maji. Mvuke hupanda, ukigeuka mawingu huachia joto, hewa inazidi kupanda, na kule chini mgandamizo hupungua. Pepo hukimbilia pale, na mzunguko wa dunia huzipinda mpaka zianze kuzunguka. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo mno, ndiyo maana ni nadra kimbunga kuzaliwa chini ya nyuzi 5 za latitudo. Moshi tupo kwenye nyuzi 3 hivi. Kusini zaidi hawana kinga hiyo: Lindi ilipigwa Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024.

Kwa hiyo upepo wa kimbunga hautufikii huku mlimani. Kikiacha maji yenye joto na kupanda nchi kavu, hunyong'onyea. Lakini mvua! Kikikaa kwenye Mlango wa Msumbiji, bahari iliyo kati ya Msumbiji na Madagaska, kinaweza kuvuta unyevu kwenda kwake, nasi tukabaki tunaitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa wazi bila wingu, mwezi ambao ingepaswa kufunikwa. Kikipita mashariki ya Madagaska kinaweza kufanya kinyume. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa huko, pepo zenye unyevu kutoka Kongo zilivutwa kuja Afrika Mashariki, na masika yale yalikuwa ya mafuriko.

Ninachoomba ni kimoja. Kuanzia Februari, kila tangazo la kimbunga linapotolewa, mabwana shamba wa kata watuambie kipo wapi na kina maana gani kwa upandaji: tusubiri, au tuzibue mifereji. Tangazo la sasa huwahusu wavuvi na watu wa pwani; mkulima wa Kahe au Mabogini hajioni humo. Lisomwe kwenye mkutano wa kijiji, kanisani, msikitini, na mnadani pia, kwa sababu siku ya mnada ndiyo watu hununua mbegu. Litufikie kabla hatujafungua mfuko.

Wako,
Mkulima na mwalimu wa jiografia, Moshi Vijijini